Kliniki Si Sindano Tu: Mwongozo wa Mkunga wa Kugundua Mapema Mtoto Asiyekua Vizuri

Ukiwa muuguzi mkunga wa zahanati, wewe ndiye unayempokea mtoto anapozaliwa, na kwa miaka miwili inayofuata huenda ukawa mtumishi wa afya pekee atakayeonana naye mara kwa mara. Daktari wa watoto yuko mkoani. Wewe upo hapa, na mama anakuja kwako na kadi yake wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9 na mwezi wa 18, pamoja na zile siku za kupima uzito katikati.

Siku ya kliniki tunaijua. Foleni imefika hadi chini ya mwembe, mizani ni moja, watoto wanalia. Mtoto ananing'inizwa, namba inaandikwa, anachomwa chanjo, "haya mama, rudi mwezi ujao." Chanjo imetolewa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mtoto mwenyewe hajatazamwa. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kumtazama katika dakika hizo hizo chache, kuanzia wodi ya wazazi hadi atimize miaka miwili, na la kufanya ukiona kitu.

Kwa nini mapema

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34. Kenya, mwaka huo huo wa 2022, walikuwa asilimia 18. Tatizo la udumavu ni kwamba haupigi kelele. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu, anacheza, anacheka, ila ni mfupi kuliko umri wake, na nyumbani wanasema kamrithi baba yake.

Hapo ndipo unapotakiwa kuwa na jibu. Viwango vya ukuaji tunavyotumia kwenye kadi vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichagua watoto walionyonyeshwa vizuri na wanaoishi mahali pasafi, wakakuta kwamba hadi miaka 5 watoto wa nchi hizo hukua karibu sawasawa. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja anapokuwa mfupi mno, fikiria kwanza chakula, maradhi na mazingira; ukoo uje baadaye.

Kwa upande wa maendeleo, yaani kuona, kusikia, kukaa, kusema na kuhusiana na watu, sababu ya kuwahi ni nyingine. Ubongo hujifunza kwa zamu. Jicho lenye mtoto wa jicho tangu kuzaliwa lisipofanyiwa upasuaji mapema, ubongo haujifunzi kuona kwa jicho hilo, na ukija kulisafisha mtoto akiwa na miaka 6 utapata jicho safi lisiloona vizuri. Asiyesikia hajifunzi kusema. Mguu kifundo unanyooshwa kwa plasta mtoto akiwa na wiki chache. Akishaanza kuukanyagia, kazi inakuwa ngumu zaidi.

Tanzania imelipa jambo hili nafasi katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Kwa hiyo usilione kama kazi ya kujitolea uliyoongezewa. Ni sehemu ya kazi yako.

Wodi ya wazazi: mkague kabla mama hajaondoka

Fanya ukaguzi huu ndani ya saa 24 za kwanza, mtoto akiwa uchi mahali penye joto na mwanga wa kutosha, mama akiwa anaona. Nawa mikono. Mwambie mama unachotafuta, maana yeye ndiye atakayeendelea kumtazama nyumbani.

1. Uzito. Pima bila nguo na uandike gramu halisi. Aliyezaliwa na gramu 2,480 usimwandikie kilo 2.5. Chini ya gramu 2,500 ni uzito pungufu, na kwa gramu 20 ulizomuongezea kwa kalamu umemtoa kwenye orodha ya watoto wa kufuatiliwa.

2. Kichwa. Zungusha utepe juu kidogo ya nyusi, upite kwenye nundu ya kisogo. Wengi waliotimiza miezi huwa kati ya sentimita 32 na 37. Kikiwa kimebanwa na njia ya uzazi, rudia kesho yake. Gusa utosi: uliotuna na kukaza mtoto akiwa ametulia ni wa kupewa rufaa.

3. Macho. Tafuta weupe kwenye mboni. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, unaweza kuwa saratani ya jicho. Vyovyote iwavyo, usisubiri.

4. Kinywa. Mdomo sungura unaonekana mara moja. Kaakaa lililo wazi halionekani ovyo, hivyo ingiza kidole safi ulipapase lote hadi nyuma. Mtoto anayetoa maziwa puani kila akinyonya, mrudie kumkagua.

5. Mgongo. Mgeuze, pitisha kidole kutoka shingoni hadi juu ya makalio. Unatafuta uvimbe, tundu, au kishungu cha nywele katikati. Ukikuta mgongo wazi, ufunike kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, mlaze kifudifudi au kwa ubavu, na aondoke siku hiyo hiyo.

6. Sehemu ya haja. Hakikisha tundu lipo, na uulize kama amepata choo cha kwanza ndani ya saa 24.

7. Miguu. Mguu uliojikunja tu kwa kukaa tumboni ukiusukuma taratibu kwa kidole unanyooka. Mguu kifundo unagoma. Huyo anahitaji plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa njia iliyoanzishwa na daktari Ponseti, na hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam zinaifanya. Usimwambie mama auchue kwa mafuta ya moto akisubiri ujinyooshe.

8. Rangi. Manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza ni hatari. Manjano yaliyofika viganjani na nyayoni ni hatari siku yoyote. Yakizidi huingia kwenye ubongo na kuacha uziwi au mtindio wa ubongo. Kumwanika mtoto juani hakutibu manjano ya namna hiyo. Kunapoteza tu siku alizokuwa nazo.

Kisha chukua kalamu nyekundu. Weka alama kwenye kadi na kwenye rejista kwa mtoto njiti, mwenye uzito pungufu, pacha, aliyechelewa kulia hadi ukampumulisha kwa mfuko na barakoa, aliyepata manjano makali au degedege, na wa mama anayeishi na VVU. Huyu wa mwisho anatakiwa pia kupimwa mapema, na wiki ya 6 isipite bila kipimo. Hawa wote ukuaji na maendeleo yao yanafuatiliwa kwa jicho kali zaidi, na alama nyekundu itamsaidia mwenzako atakayekuwa zamu siku ambayo wewe haupo.

> KISANDUKU: Mtoto mchanga wa kuondoka sasa hivi
> Usipime, usipange foleni. Toa huduma ya kwanza na rufaa ukiona:
> - hanyonyi, au ameacha kunyonya vizuri
> - amepata degedege
> - anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabu mara mbili), au kifua kinabonyea ndani sana
> - joto limefika 37.5 au zaidi, au limeshuka chini ya 35.5
> - amelegea, hajitikisi mpaka umguse
> - viganja na nyayo ni za manjano

Mizani isiyodanganya

Makosa mengi ya kliniki yanaanzia kwenye kipimo chenyewe. Ukikosea namba, yanayofuata yote yamepotea.

1. Kabla ya mtoto wa kwanza, ning'iniza mfuko mtupu na urudishe mshale kwenye sifuri. Rudia katikati ya siku.
2. Mvue. Siku za baridi kule Njombe au Lushoto mama atasita, na ana haki. Andaa pembe isiyopitiwa na upepo. Sweta na nepi iliyolowa vinaweza kuficha mtoto aliyepungua.
3. Soma mshale ukiwa umetulia, macho yako usawa wa mizani.
4. Andika namba kwanza, ndipo umshushe.
5. Hesabu umri kwa miezi iliyotimia. Aliyezaliwa Machi 20, leo Septemba 12, ana miezi 5. Ukimweka kwenye mstari wa miezi 6 umemfanya aonekane mdogo bila sababu.
6. Weka nukta, kisha iunganishe na ya mwezi uliopita. Nukta isiyounganishwa haina kazi.
7. Urefu: chini ya miaka 2 mlaze kwenye ubao, mmoja ashike kichwa na mwingine anyooshe magoti. Kuanzia miaka 2 asimame. Aliyepimwa amelala huonekana mrefu kwa karibu sentimita 0.7, kwa hiyo usichanganye vipimo hivyo viwili.

Ubao wa urefu nao usiuache stoo. Najua unahitaji watu wawili na muda. Lakini mizani peke yake haikuonyeshi udumavu, na kama foleni haikuruhusu kila mwezi, basi angalau urefu upimwe miezi 6, 9, 12, 18 na 24.

Kwa mtoto njiti, hadi afike miaka 2, toa wiki alizowahi. Aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi wiki 8. Akifika miezi 6, mlinganishe na watoto wa miezi 4, kwa ukuaji na kwa maendeleo. Chanjo usimcheleweshee kwa hesabu hii. Chanjo zinafuata siku aliyozaliwa.

Soma mstari, acha kusoma nukta

Chukua mtoto wa kike. Miezi 6 ana kilo 7.4. Miezi 7, kilo 7.4. Miezi 8, kilo 7.3. Kila mwezi nukta yake imeangukia kwenye eneo zuri la kadi, na kila mwezi mtu amemwambia mama yake "anaendelea vizuri". Haendelei. Miezi miwili hajapanda, na sasa ameanza kushuka. Huyu ndiye wa kumuokoa leo, kabla hajafika kwenye rangi nyekundu ya kadi.

Kinyume chake, mwenye uzito mdogo tangu kuzaliwa ambaye mstari wake unapanda sambamba na ule wa kadi anaendelea vizuri zaidi ya huyo binti. Mama yake apewe pongezi, na usiache kumfuatilia.

Kumbuka pia: mchanga hupungua siku za mwanzo, hadi asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, na anatakiwa awe ameurudia akifika wiki 2. Kisha wengi hufikisha mara mbili ya uzito wa kuzaliwa kati ya miezi 4 na 6, na mara tatu wakifika mwaka.

Kuanzia miezi 6, zungusha utepe wa mkono. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Halafu shika nyayo zote mbili, bonyeza kwa vidole gumba juu ya mguu, hesabu hadi tatu, achia. Kikibaki kishimo pande zote mbili, huyo ana utapiamlo mkali hata kama mizani inasema ana uzito mzuri, kwa sababu uzito huo ni maji.

Ukiona mstari umelala, zungumza na mama pembeni

Usimgombeze mbele ya foleni. Mama aliyeaibishwa harudi, na mtoto wake ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Sehemu nyingi za Tanzania kuna mzigo mwingine juu ya mama huyu: mtoto akikonda, watu wanasema amebemendwa, kwamba baba au mama alitoka nje ya ndoa wakati wa kunyonyesha. Kwa hiyo kumleta mtoto aliyekonda kliniki ni sawa na kujitangaza. Wengine wanamficha nyumbani kwa dawa za miti hadi avimbe miguu. Mwambie waziwazi, na bibi yake akiwepo mwambie kwa heshima, "Bibi, mtoto huyu hana kosa la mtu, ana upungufu wa chakula na ugonjwa, na vyote tunavitibu." Nimeona mabibi wakipumua kwa nafuu waliposikia hivyo.

Kisha uliza: mwezi huu aliugua nini? Ananyonya mara ngapi, na usiku je? Jana alikula nini tangu asubuhi? Nani anabaki naye mama akienda shamba? Swali hili la mwisho mara nyingi ndilo lenye jibu.

Ushauri uwe wa kushikika. "Mpe lishe bora" haumsaidii mtu. Sema: miezi 6 hadi 8, milo 2 hadi 3 kwa siku, miezi 9 hadi 23, milo 3 hadi 4, na kitu cha katikati mara moja au mbili, huku akiendelea kunyonya. Uji uwe mzito, usiotiririka kwenye kijiko. Ongeza dagaa waliosagwa, yai, maharage yaliyopondwa, parachichi, kijiko cha mafuta. Unga unaoitwa wa lishe kwa sababu una nafaka tano bado ni nafaka tupu, na pesa yake ingenunua mayai. Mahindi na karanga zilizoota kuvu zitupwe, maana sumukuvu ilishaua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Mrudishe baada ya wiki 2, usingoje mwezi.

Maendeleo: uliza, kisha tazama

Anza na maswali mawili. "Mama, mwezi huu anafanya nini ambacho mwezi uliopita hakuwa anafanya?" Na, "Kuna jambo lolote juu yake linalokupa wasiwasi?" Wasiwasi wa mama uuandike hata kama wewe hujaona kitu. Yeye anakaa naye usiku na mchana.

Vifaa ni vya nyumbani: kitambaa chekundu, kikombe, kijiko, kopo dogo lenye mahindi ndani. Mtoto akiwa mapajani kwa mama, ameshiba na hajachomwa sindano. Mpime kabla ya chanjo, maana baada ya hapo hatakupa ushirikiano. Kwa kusikia, simama nyuma yake asikuone, tikisa kopo upande mmoja, kisha mwingine.

> ORODHA YA KUKAGUA: mpe rufaa au mrudishe haraka ikiwa
> Wiki 6–10: hatazami uso wa mama, hashtuki kwa sauti, hajatabasamu akifika miezi 2
> Wiki 14 hadi miezi 4: kichwa hakitulii akishikwa wima, hafuati kitambaa kwa macho, ngumi zimekazwa muda wote
> Miezi 6: hanyooshi mkono kushika kitu, hageukii sauti
> Miezi 9: hajakaa bila kuegemezwa, hasemi "ba-ba", "da-da", haitikii jina lake
> Miezi 12: hasimami hata kwa kushikilia, hapungi mkono wala kuonyesha kwa ishara
> Miezi 18: hajatembea, hana neno hata moja, haonyeshi kwa kidole anachokitaka
> Miaka 2: haunganishi maneno mawili; haelewi agizo rahisi kama "lete kikombe"
> Umri wowote: alikuwa anafanya jambo, ameacha; mwili umekaza au umelegea mno; anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka; kichwa kinakua haraka kupita kiasi

Watoto wanatofautiana, ni kweli. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani, kutembea peke yake kulianza kuonekana miezi 8 kwa wengine na karibu miezi 18 kwa wengine, na wachache hawakutambaa kabisa, wakasimama na kwenda. Kwa hiyo asiyetambaa usimtie mama yake hofu. Lakini mpaka upo, na akiuvuka usimfariji mama kwa "atakua tu". Neno hilo limechelewesha watoto wengi kuliko umbali wa hospitali.

Onyo moja kubwa: kazi yako hapa ni kuchuja. Usimwambie mama mtoto wake ana usonji au mtindio wa ubongo. Sema ulichoona: "Hageuki nikitikisa kopo upande huu, nataka masikio yake yapimwe." Mwenye vipimo kamili atatoa jina. Vipimo hivyo vipo hata kwa mazingira yetu. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitengeneza kipimo chao cha maendeleo ya watoto, na Malawi wana chao.

Kwa wengi walio nyuma kidogo, anza tiba siku hiyo hiyo: mama na baba wazungumze na mtoto wakimtazama usoni, wajibu sauti zake, wampe vyombo salama vya kuchezea, wamweke chini kwenye mkeka badala ya kumfunga mgongoni mchana kutwa. Mpe tarehe ya kurudi mwezi ujao.

Rufaa inayofika

1. Andika ulichoona na vipimo, si "kwa uchunguzi zaidi" tu.
2. Mtajie mahali, siku ya kliniki hiyo, na nauli inayohitajika. Mama wengi hukwama kwenye nauli na kwenye ruhusa ya nyumbani. Muombe ruhusa umpigie wewe mwenyewe baba wa mtoto.
3. Andika jina kwenye daftari la rufaa, namba ya simu, na jina la mhudumu wa afya wa jamii wa kitongoji chake.
4. Baada ya wiki 2 piga simu. Asipokuwa ameenda, uliza kilichomzuia kabla ya kulaumu.
5. Akirudi na majibu, yanakiliwe kwenye kadi.

Na kuna kundi usilisubiri likufuate. Baada ya chanjo ya mwezi wa 9 akina mama wengi huacha kuja hadi mwezi wa 18. Katikati hapo ndipo mtoto anapoachishwa ziwa, anapoharisha, anapotakiwa kusimama na kusema. Siku unayomchoma chanjo ya miezi 9, mwandikie tarehe ya mwezi wa 12 na wa 15 kwenye kadi kwa mkono wako. Kila mwisho wa mwezi pitia rejista, toa majina yenye alama nyekundu yasiyoonekana, na umpe mhudumu wa jamii orodha hiyo ikiwa na mtaa na jina la mama.

> KWA MZAZI ANAYESOMA
> - Njoo na kadi kila mara, hata mtoto akiwa mzima
> - Omba uonyeshwe mstari, uliza: "Umepanda, umelala au umeshuka?"
> - Uliza kama urefu umepimwa
> - Sema wasiwasi wako kabla hujaondoka dirishani
> - Ukiwa Kenya, fungua Kitabu cha Mama na Mtoto kwenye sehemu ya hatua za maendeleo na uje umeisoma